Uso wa Metali Tupu kwenye Modeli ya Ndege: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayojirudia kila mtu anapomaliza modeli yake ya kwanza ya rangi ya fedha na kugundua kwamba inafanana zaidi na kijiko cha plastiki kuliko ndege. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya hali za pekee. Kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Misingi

1. Metali tupu ni nini hasa, na kwa nini ndege ziliachwa bila kupakwa rangi?

Ni uso wa ndege ambao bati lake la nje limeachwa lionekane lilivyo. Kwa sehemu kubwa bati hilo ni aloi ya alumini. Duralumini, aloi iliyogunduliwa na Mjerumani Alfred Wilm mwanzoni mwa karne ya 20, ni imara sana kwa uzito wake lakini huliwa upesi na unyevu na chumvi. Ndiyo maana katika miaka ya 1920 kampuni ya Alcoa ya Marekani ilileta bati liitwalo Alclad, ambalo aloi imara ya katikati hufunikwa pande zote mbili kwa tabaka jembamba la alumini iliyo karibu kuwa safi. Tabaka hilo la juu ndilo tunaloliona, na ni laini kiasi kwamba likisuguliwa kwa bidii hung'aa kama kioo.

Kuacha rangi hupunguza uzito na huokoa muda wa kazi kiwandani. Jeshi la anga la Marekani liliacha kupaka ndege zake nyingi rangi za maficho kuanzia mwishoni mwa 1943 na mwanzoni mwa 1944, na kwa sababu hiyo ndege mbili za mabomu aina ya B-17G za kikosi kimoja zingeweza kuruka pamoja, moja ikiwa ya kijani na nyingine ikiwa bati tupu.

2. Je, kila ndege ya rangi ya fedha ni metali tupu?

Hapana, na hapa ndipo makosa mengi huanzia, kabla hata ya chupa ya rangi kufunguliwa. Mfano unaojulikana zaidi ni ndege ya kivita ya P-51D Mustang. Bawa lake lilibuniwa ili hewa ipite juu yake kwa utulivu, hivyo kiwandani viungo na vichwa vya ribiti (misumari ya kuunganishia mabati) vya sehemu kubwa ya bawa vilijazwa puti (lahamu ya kujazia), vikasuguliwa, kisha bawa likapakwa rangi ya fedha, ilhali bodi (kiwiliwili cha ndege) iliachwa bati tupu. Mtu anayechonga ribiti juu ya bawa lote na kuling'arisha kuliko bodi anatengeneza Mustang ambayo haikutoka kiwandani hivyo, ingawa ndege nyingi zilizofanyiwa ukarabati kwa ajili ya maonyesho leo zina mabawa yaliyong'arishwa.

Jeshi la anga la Uingereza nalo lilitumia kwa miaka mingi rangi iliyoitwa High Speed Silver, ambayo ni rangi kamili ya kupulizia na si bati. Katika ndege kama DC-3 na B-17, usukani wa mkia na elevata (vibao vya mkia vya kuinua na kushusha pua) vilifunikwa kwa kitambaa kilichopakwa rangi ya fedha, kwa hiyo havina mng'ao wa bati wala tofauti ya paneli (vipande vya bati). Pua zinazofunika rada hazitengenezwi kwa metali, kwa kuwa mawimbi ya rada hayapiti kwenye metali. Kabla ya kuanza, tafuta picha za ndege ile ile unayoitengeneza, za wakati ule ule, na uweke alama kwenye mchoro wako: hapa bati, hapa rangi, hapa kitambaa.

3. Kwa nini rangi ya fedha ya kawaida haionekani kama bati?

Kwa sababu ya ukubwa wa chembe. Rangi ya fedha ni chembe bapa za metali zinazoelea ndani ya kimiminika kinachozigandisha. Chembe yenye upana wa milimita 0.05 ni ndogo mno kwa macho yetu, lakini kwenye modeli ya kipimo cha 1/48 ni sawa na kipande cha milimita 2.4 kwenye ndege halisi. Ndege ya aina hiyo ingeonekana kama imenyunyiziwa mchanga unaometameta. Aidha, chembe kubwa hulala ovyo, kila moja ikielekeza mwanga upande wake, ilhali bati hurudisha mwanga kwa mwelekeo mmoja.

Rangi zilizobuniwa mahususi kwa uso wa metali husagwa laini zaidi na hubebwa na kimiminika chembamba kinachokauka haraka, ili chembe zilale kifudifudi juu ya uso uliopo chini yake. Matokeo yake ni kwamba rangi hizo huonyesha kila kitu kilicho chini, kizuri na kibaya, jambo linalofafanuliwa katika swali la 5.

4. Njia zipo ngapi, na mtu anayeanza achague ipi?

Njia kuu ni nne: laka za metali (rangi zenye kiyeyushi kikali) zinazopuliziwa kwa brashi ya hewa (kifaa kidogo cha kupulizia rangi), kama vile Alclad II (jina la rangi, si bati la swali la 1), akriliki za metali zinazochanganywa kwa maji, kama vile Vallejo Metal Color, rangi au poda zinazosuguliwa baada ya kukauka ili zing'ae, na karatasi halisi ya alumini inayobandikwa paneli kwa paneli. Makopo ya kupulizia yanaweza kuhesabiwa kuwa njia ya tano, na yameelezwa katika swali la 11.

Laka hutoa mng'ao wa kuaminika zaidi na huvumilia tepu, lakini harufu yake ni kali na huhitaji tahadhari za swali la 22. Akriliki za maji ni salama zaidi nyumbani na matokeo yake ni mazuri kwa ndege iliyotumika, ila hushikamana na plastiki kwa udhaifu kidogo. Karatasi ya alumini haishindwi na rangi yoyote kwa uhalisi, kwa sababu ni metali yenyewe, lakini hudai uvumilivu ambao si kila mtu anao. Kwa maoni yangu, anayeanza achukue laka moja tu ya alumini, ajifunze kuipulizia juu ya kijiko cha plastiki mpaka aridhike, na aache kununua chupa kumi za vivuli tofauti ambavyo bado hawezi kuvitofautisha.

## Maandalizi ya uso

5. Nisugue plastiki kwa msasa wa namba ngapi?

Mpaka alama za msasa zipotee machoni, kisha hatua moja zaidi. Kazi ya kuondoa mishono (pale vipande vya modeli vilipogundishwa) inaweza kuanza kwa msasa wa 400 au 600, lakini usiishie hapo. Endelea na 1000, 2000, kisha misasa ya kitambaa ya kung'arishia ya 4000 na kuendelea hadi 8000 au 12000, ukisugua kwa maji. Kila namba ina kazi moja tu, nayo ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka namba mbili, mikwaruzo ya mwanzo itabaki chini ya ile laini na itajitokeza baadaye. Badilisha mwelekeo wa kusugua kila unapobadilisha msasa, ili uone kama mikwaruzo ya awali imekwisha.

Mkwaruzo wa milimita 0.02 kwenye modeli ya 1/72 ni sawa na mfereji wa karibu milimita moja na nusu kwenye ndege halisi. Rangi ya maficho isiyong'aa ingeuficha. Rangi ya metali huuonyesha waziwazi. Ninakadiria kwamba theluthi mbili za muda wa modeli ya metali tupu huishia kwenye hatua hii, na anayeiharakisha hawezi kuikomboa kazi yake kwa rangi nzuri.

6. Nitajuaje kwamba mshono umekwisha kabisa?

Macho hudanganywa na plastiki ya kijivu, hasa pale puti na plastiki vinapokuwa na rangi mbili tofauti. Pulizia tabaka jepesi la rangi ya fedha ya bei nafuu juu ya mshono, kisha uitazame modeli chini ya taa moja iliyo upande, si juu. Taa ya upande huchora kivuli kwenye kila bonde na kila kinundu. Pitisha pia ukucha. Ukucha ukikwama, rangi nayo itakwama.

Kuna jambo la kuchunga: puti nyingi husinyaa zinapokauka, na mshono uliokuwa sawa leo unaweza kuwa na bonde baada ya siku tatu. Gundi nzito ya papo hapo haisinyai kwa namna hiyo na inafaa zaidi kujazia mishono ya modeli za aina hii, mradi isuguliwe ndani ya saa chache kabla haijawa ngumu kuliko plastiki yenyewe.

7. Je, praima (rangi ya msingi) ni lazima?

Kwa laka, ndiyo, karibu kila mara. Thina yake (kiyeyushi cha rangi) inaweza kuiuma plastiki ya polistirini iliyo tupu na kuacha uso wenye vipasuko vidogo kama vya udongo uliokauka. Kwa akriliki za maji, praima husaidia rangi ishike. Kabla ya praima, osha modeli kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu ya kiwandani na ya vidole, iache ikauke kabisa, na tangu hapo ishike kwa glavu.

8. Kwa nini watu hupulizia rangi nyeusi kwanza? Je, haiwezi kuwa kijivu?

Tabaka la metali ni jembamba kiasi kwamba mwanga hulipenya kwa sehemu, na rangi iliyo chini huamua kina cha mng'ao. Nyeusi humeza mwanga unaopenya, hivyo jicho hupokea ule uliorudishwa na chembe za metali peke yake. Uking'arisha nyeusi hiyo kama kioo, chembe zitalala juu ya kioo na metali itang'aa. Ikiwa nyeusi ina ukwaru, metali nayo itakuwa na ukwaru.

Hata hivyo, si kila rangi ya metali inahitaji nyeusi inayong'aa. Katika familia ya Alclad II, zile za mng'ao mkali kama vile Chrome na Polished Aluminium huitegemea kabisa, ilhali alumini ya kawaida inaweza kupuliziwa juu ya praima ya kijivu na kutoa bati lililofifia, linaloifaa sana ndege ya vita iliyokaa nje juani na mvuani. Kijivu kilichokoza, kahawia iliyokaribia nyeusi, au buluu iliyokoza chini ya metali huleta vivuli tofauti kutoka chupa moja. Mbinu hii inaendelezwa katika swali la 13.

9. Nyeusi yangu imekauka ikiwa na ngozi ya chungwa, au imepauka kama ina ukungu. Nifanye nini?

Ngozi ya chungwa, yaani vinundu kama vya ganda la chungwa, hutokea rangi inapofika kwenye modeli ikiwa imeanza kukauka hewani: rangi ni nzito mno, presha ni kubwa mno, au umesimama mbali. Iache ikauke kabisa, isugue kwa msasa wa 2000 na kuendelea, kisha pulizia tabaka la mwisho jembamba lenye thina nyingi.

Ukungu mweupe ni tatizo jingine kabisa. Thina ya laka inapoyeyuka haraka hupoza uso, na unyevu wa hewani huganda ndani ya rangi. Usipulizie siku ya mvua au katika chumba chenye unyevu mwingi. Tumia thina inayokauka polepole zaidi. Mara nyingi tabaka jepesi la thina hiyo likipuliziwa juu ya ukungu huufungua na mng'ao hurudi.

Katika hali zote mbili, subiri. Nyeusi ya laka ipe siku nzima, ya enameli (rangi ya mafuta) ipe siku kadhaa. Ukiisogeza puani na bado inanuka, haijakauka. Niliwahi kupulizia kromu juu ya nyeusi ya enameli ya siku moja, na asubuhi nikakuta bawa zima lina mikunjo kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka.

## Kupulizia rangi ya metali

10. Presha na umbali gani vinafaa?

Kwa laka za metali, paundi 12 hadi 15 kwa inchi ya mraba, yaani takriban bar 0.8 hadi 1, na umbali wa sentimita 5 hadi 8. Laka hizi huja zikiwa nyembamba tayari na hazihitaji thina. Tikisa chupa kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri inatosha, kwa kuwa chembe za metali huzama chini, na uitikise tena kila unapojaza kikombe.

Pulizia ukungu mwembamba, usimame, utazame, upulizie tena. Kupita kwa kwanza huonekana kama hakuna kilichotokea, kupita kwa pili nyeusi huanza kugeuka, na kupita kwa tatu au kwa nne metali hutokea ghafla. Hapo acha. Kila tone linaloongezwa baada ya hapo hupunguza mng'ao, kwa sababu chembe huanza kurundikana moja juu ya nyingine na kurudi kuwa rangi ya fedha ya swali la 3.

11. Sina brashi ya hewa. Je, ninaweza kutumia kopo la kupulizia au brashi ya mkono?

Kopo linaweza kutoa kazi ya heshima. Tamiya AS-12 ilitengenezwa kwa ajili ya ndege za bati tupu, na ingawa chembe zake ni kubwa kuliko za laka za chupa, juu ya uso uliosuguliwa vizuri inatosha kabisa kwa kipimo cha 1/48 na zaidi. Liweke kopo katika maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, kwa dakika chache. Presha huongezeka kidogo na rangi hutoka laini zaidi. Anza na umalize kila mpulizo nje ya modeli, si juu yake.

Brashi ya mkono huacha mistari kwa eneo kubwa. Ihifadhi kwa sehemu ndogo kama vile bawaba, vifuniko na miguu ya magurudumu.

12. Metali yangu imekuwa ya punjepunje. Chanzo ni nini?

Vyanzo vya kawaida ni vitatu: umepulizia kwa wingi (tazama swali la 10), uso wa chini ulikuwa na ukwaru (maswali ya 5 na 8), au vumbi lilitua wakati nyeusi inakauka. Baada ya siku moja, sugua taratibu kwa kitambaa laini cha pamba. Punje nyingi za juu juu hutoka zenyewe. Zisipotoka, itabidi paneli hiyo irudiwe kuanzia nyeusi.

13. Nawezaje kuonyesha kwamba kila bati lina kivuli chake?

Tazama picha yoyote nzuri ya ndege ya kivita ya F-86 Sabre na utaona bodi iliyoshonwa kwa vipande: kimoja kimekoza, cha jirani kimepauka, kingine kinakaribia kuwa cheusi kwa sababu tu kinaakisi ardhi badala ya anga. Tofauti hiyo ina sababu zaidi ya moja. Mabati hutoka kwenye matoleo na aloi tofauti, unene hutofautiana, na bati hubeba mwelekeo wa mistari ya mashine iliyolikandamiza, hivyo vipande viwili vya aloi ileile vilivyokatwa kwa mielekeo miwili hurudisha mwanga kwa namna mbili.

Pulizia modeli nzima rangi moja ya alumini kwanza. Iache siku moja. Kisha ziba paneli chache zilizochaguliwa kwa tepu na upulizie kivuli kilichokoza au kilichopauka kidogo, kwa kupita mara moja au mbili tu. Chagua paneli kwa kufuata picha. Ukosapo picha, epuka mpangilio wa ubao wa drafti, kosa linalotambulika kutoka upande wa pili wa chumba. Paneli nane hadi kumi na mbili zenye tofauti ndogo zinatosha kwa ndege ya injini moja. Zilizo karibu na mabomba ya moshi wa injini mara nyingi ni za chuma cha pua, hivyo huwa nyeusi zaidi na zenye rangi tofauti kidogo na alumini.

Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kusugua poda ya kung'arishia ya metali kwa ncha ya kidole chenye glavu juu ya paneli moja, akivuta upande mmoja tu. Athari yake ni ndogo lakini modeli ikizungushwa chini ya taa, bati lile hubadilika peke yake.

14. Tepu imebandua metali pamoja na nyeusi yake. Je, kosa liko kwenye tepu?

Mara chache sana. Kinachobanduka hadi kwenye plastiki hakikushika tangu mwanzo, na jibu liko katika swali la 7. Pamoja na hayo, tumia tepu ya karatasi ya wanamodeli na si ya mafundi rangi wa nyumba, ibandike kwanza mara mbili au tatu kwenye kioo ili kupunguza nguvu ya gundi, na uitoe kwa kuikunja nyuma juu yake yenyewe, taratibu, mapema iwezekanavyo.

## Karatasi ya alumini

15. Karatasi ya alumini hubandikwaje?

Zipo karatasi zenye gundi tayari, kama zile za Bare-Metal Foil, na ipo karatasi ya kawaida ya jikoni ambayo hupakwa gundi maalumu ya karatasi za metali upande mmoja na kuachwa mpaka inate. Kata kipande kikubwa kidogo kuliko paneli. Kilaze kuanzia katikati, sogeza hewa kuelekea kingo kwa kijiti cha pamba, kisha kikandamize kwa kijiti cha mbao kilichochongwa butu mpaka mstari wa paneli ujitokeze kama mfereji. Kata kwa wembe mpya kufuata mfereji huo, ukiuacha uzito wa wembe wenyewe ufanye kazi, na uondoe ziada.

Wembe ulio butu hauikati karatasi, huichana. Badilisha wembe kila baada ya paneli chache bila kuonea huruma. Geuza mwelekeo wa karatasi kwa paneli zinazopakana, kwa kuwa karatasi nayo ina mistari ya kukandamizwa, na hivyo tofauti inayotafutwa kwa shida katika swali la 13 hapa hupatikana bure. Maandalizi ya uso hayapungui hata kidogo: punje moja ya vumbi chini ya karatasi huonekana kama kipele.

16. Itakuwaje kwenye sehemu zilizopinda pande mbili, kama vile pua na ncha za mabawa?

Karatasi bapa haikubali kufunika yai bila mikunjo. Gawanya sehemu hiyo katika vipande vyembamba vinavyofuata mistari ya paneli, na uvute kidogo unapolaza. Pale inaposhindikana, tumia rangi ya metali kwa sehemu hiyo na karatasi kwa nyingine. Mchanganyiko huo haudhuru chochote, mradi uanze kwa rangi na umalizie kwa karatasi, na mpaka uwe kwenye mstari wa paneli.

## Dekali, vanishi na uchakavu

17. Je, nipake vanishi juu ya metali?

Ukiweza kuepuka, epuka. Vanishi huweka tabaka la plastiki juu ya metali na mng'ao hupungua, wakati mwingine kwa kiasi cha kuhuzunisha. Laka zikikauka huwa ngumu vya kutosha kuvumilia dekali (michoro ya kubandika kwa maji) na tepu bila kinga. Rangi za kusuguliwa na poda ndizo zinazohitaji kinga, kwa sababu huacha alama za vidole. Ikibidi, tumia akriliki inayong'aa ya maji kwa tabaka jembamba, na ujaribu kwanza juu ya kijiko chako cha majaribio.

18. Dekali zinaonekana na kingo za utando. Nifanyeje?

Juu ya rangi ya kijani kingo hufichika; juu ya bati haziwezi. Kata utando wote unaoonekana karibu kabisa na mchoro kabla ya kuloweka. Kwa herufi na namba kubwa, ni bora zaidi kuzipulizia kwa kutumia vibao vya tepu vilivyokatwa, kwani ndivyo zilivyowekwa kwenye ndege nyingi halisi. Dawa ya kulainishia dekali itumike kidogo na ifutwe mapema, kwa kuwa ile kali inaweza kuacha doa kwenye metali.

19. Mistari ya paneli niijaze kwa rangi gani?

Usitumie nyeusi safi. Kijivu kilichokoza chenye kahawia kidogo hutosha, na kwa ndege mpya iliyotoka kiwandani kiache chepesi zaidi. Kanuni ya kuchunga ni ya kemia: rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa thina ya enameli haidhuru akriliki wala laka iliyokauka, lakini juu ya metali ya enameli isiyokingwa itaifuta. Mwenye shaka atumie rangi ya maji yenye tone la sabuni.

20. Uchakavu wa ndege ya bati unaonekanaje? Je, nichore mikwaruzo ya fedha?

Mikwaruzo ya fedha ni ya rangi inayobanduka hadi kwenye bati, kwa hiyo kwenye bati tupu haina maana, isipokuwa pale penye rangi: utepe wa kikosi, pua ya rangi, au eneo la kijani lisiloakisi mwanga lililo mbele ya rubani. Bati lenyewe huchakaa kwa kufifia, kuingia madoa ya mafuta, masizi nyuma ya mabomba ya moshi, na ukwaru pale mafundi wanapokanyaga. Fifisha mng'ao kwa sehemu, na modeli itazungumza.

## Hali za pekee

21. Nitaonyeshaje rangi za joto kwenye sehemu ya nyuma ya ndege za jeti?

Mfano maarufu ni F-100 Super Sabre, ambayo mkia wake kuzunguka injini ulikuwa na mawimbi ya dhahabu, zambarau na buluu. Rangi hizo ni utando wa oksidi juu ya chuma au titani, na unene wa utando hufuata joto: chuma huanza na manjano hafifu kwenye nyuzi mia mbili na kitu za Selsiasi, huenda kahawia, zambarau, kisha buluu karibu na nyuzi 300. Alumini haifanyi hivyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi bila kupita kwenye buluu yoyote. Kwa hiyo usiyapeleke mawimbi hayo kwenye paneli za alumini, hata yakipendeza.

Pulizia kwanza chuma kilichokoza. Kisha, kwa rangi za akriliki zinazopitisha mwanga kama X-24 ya manjano, X-26 ya chungwa, na mchanganyiko wa X-27 nyekundu na X-23 ya buluu za Tamiya, zilizozimuliwa sana, ongeza mikanda myembamba ukifuata mpangilio huo wa joto, ukiwa na picha mbele yako. Ukihisi umefika nusu ya ulichokusudia, acha mpaka kesho. Mbinu hiyo hiyo hutumika kwa ndege zilizopakwa rangi lakini zikaachwa bati nyuma, kama F-4 Phantom, ambayo eneo la chini ya mkia lilibaki metali kwa sababu ya moto wa injini.

22. Je, laka hizi ni hatari?

Mvuke wake ni hatari na huwaka moto. Vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, kwani ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Fungua madirisha au tumia feni inayotoa hewa nje. Weka mbali kila kitu chenye cheche. Safisha brashi ya hewa mara mbili baada ya kazi, na usitumie thina uliyosafishia kwa rangi nyingine, kwani chembe chache za metali zitakazobaki zitajitokeza kwenye bawa la kijani la modeli ijayo.

23. Ndege za abiria zilizong'arishwa zinahitaji mbinu tofauti?

Zinahitaji mng'ao mkali zaidi na tofauti ndogo zaidi kati ya paneli, kwa kuwa husuguliwa mara kwa mara kwa mashine. Chunga aina ya ndege: American Airlines iliacha mabati ya ndege zake nyingi yang'ae kwa miongo mingi, lakini ilipotambulisha sura mpya mwaka 2013 ilihamia kwenye rangi ya fedha, kwani ndege kama Boeing 787 zina bodi ya nyuzi za kaboni isiyoweza kung'arishwa. Modeli ya 787 ya kampuni hiyo ni kazi ya rangi, si ya metali, na ikipuliziwa kromu itakuwa imekosewa.

24. Nimekwaruza modeli iliyokwisha. Nitarekebishaje bila kurudia yote?

Usijaribu kugusia kwa brashi ya mkono. Doa litaonekana zaidi ya mkwaruzo. Ziba paneli nzima yenye kasoro kwa kufuata mistari yake, isugue, pulizia nyeusi, kisha metali. Kivuli hakitalingana kabisa na cha awali, na hilo si tatizo, kwani ndege halisi nazo zilibadilishiwa mabati. Ikiwa sehemu ni ndogo na tambarare, kipande cha karatasi ya alumini cha swali la 15 ni haraka zaidi, na mara mbili nimesikia mtu akikisifu kiraka changu kuwa ndicho bati bora kwenye ndege nzima.